Mhindu na Mkristo wanapokata roho: kila mmoja anangojea nini?

Swali la msomaji: Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa na ni Mkristo. Wodini kwetu tuna wagonjwa wa dini yangu na wengine Wahindu. Juzi familia moja ya Kihindu iliniomba tumshushe baba yao kitandani tumlaze sakafuni alipokuwa anakata roho. Nilikataa, nikaona ni kumdhalilisha mzee wa watu. Alipofariki waliondoka bila kuniaga. Imani yao kuhusu kifo inatofautianaje na yetu, na mimi nifanye nini kando ya kitanda?

Jibu: Ndugu muuguzi, tuanze na hiyo sakafu, maana ndani yake mna sehemu kubwa ya ulichouliza. Katika desturi ya Kihindu, mtu akifikia sakarati ya mauti hushushwa kitandani akalazwa chini, mahali palipofagiliwa na kusafishwa, na katika familia nyingi kichwa chake huelekezwa kaskazini. Ardhi kwao ni mama, na anayekata roho akiwa ameigusa huaminiwa kuachana na mwili kwa wepesi. Kwako wewe, uliyefunzwa kwamba kitanda safi ndiyo heshima ya mgonjwa, ilionekana wanamtupa. Kwa wanawe ilikuwa kumfungulia baba yao mlango.

Kwa nini wamfungulie mlango badala ya kumzuia asitoke? Hapo ndipo dini hizi mbili zinapoachana. Kwa Mkristo, adui ni kifo chenyewe. Paulo anasema hivyo wazi katika 1 Wakorintho 15:26: "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Kifo kiliingia duniani kwa dhambi (Warumi 5:12), na tumaini lote la Mkristo ni kwamba kitashindwa, mwili ufufuke. Kwa Mhindu, kinachosumbua ni kuzaliwa: kurudi tena na tena kwenye mwili, njaa, uzee na maradhi, katika mzunguko uitwao samsara. Kifo kwake ni kituo njiani. Anachokitamani ni moksha, yaani kufunguliwa asirudi tena. Ukilishika hili moja, mambo mengi utakayoyaona wodini yataeleweka.

Lakini kwanza, tahadhari ya lugha. Kiswahili chetu cha msibani kimejaa maneno yaliyozaliwa ndani ya dini zinazoamini hukumu moja. "Marehemu" ni aliyerehemewa, na "ametangulia mbele ya haki" ni kusema amekwenda kuhukumiwa. Hakuna Mhindu atakayekukasirikia kwa kuyatumia, ila usidhani yanaeleza anachokiamini. Neno la hatari zaidi ni "kuzaliwa mara ya pili". Kwa Mkristo ni Yohana 3:3, mtu kuokoka angali hai. Mhindu akilisikia ataelewa kurudi duniani katika mwili mwingine, jambo analotaka kuepushwa nalo. Ukimtakia "kuzaliwa upya" mtu aliye kufani, umemtakia mzigo anaoukimbia.

Pia tusichanganye Mhindi na Mhindu. Mhindi ni mtu wa asili ya India, Mhindu ni mfuasi wa dini. Wapo Wahindi Wakristo, Waislamu na Wajaini, na wapo Wahindu wa Nepal na wa kisiwa cha Bali ambao si Wahindi. Jina la ukoo halitoshi kukuambia umwite nani kitandani. Uliza.

Kinachosafiri, na kinakokwenda

Mhindu anaamini kwamba ndani ya mtu mna atma, nafsi isiyozaliwa wala kufa. Bhagavad Gita, kitabu chao kitakatifu, sura ya 2 mstari wa 22, inaifananisha na mtu anayevua nguo zilizochakaa na kuvaa mpya. Nguo ipi mpya itavaliwa huamuliwa na karma, yaani matendo na matunda yake. Wanazuoni wa Vedanta, shule ya falsafa ya Kihindu, huigawa karma mafungu matatu: sanchita, ghala lote la matendo ya maisha yaliyopita, prarabdha, fungu lililokwisha kuiva ambalo ndilo linaloendesha maisha haya, na agami, linalopandwa sasa. Prarabdha hufananishwa na mshale uliokwisha kuachiwa kutoka kwenye upinde, ambao haurudishwi. Mgonjwa wa Kihindu akikuambia maumivu yake "yaachwe yaishe yenyewe", huenda anazungumzia mshale huo. Usikimbilie kuandika kwenye faili kwamba amekata tamaa. Muulize anamaanisha nini, kisha mwambie kuwa dawa ipo akiihitaji.

Mbingu na jehanamu Wahindu wanazo. Bhagavata Purana, kitabu chao kingine, inataja jehanamu 28, na Yama, mtawala wa wafu, huwapeleka watu wanakostahili. Tofauti ni kwamba zote ni za muda. Mema yakiisha mtu hushuka mbinguni, na mabaya yakiisha hutoka motoni, akazaliwa tena. Madhva, mwalimu wa karne ya 13, alifundisha kwamba zipo nafsi zisizookoka milele, lakini huyo ni wa pekee kati ya walimu wakubwa. Na hata moksha haielezwi kwa namna moja. Kwa mwalimu Shankara ni kutambua kwamba atma na Brahman, uhalisi mkuu wa vyote, ni kitu kimoja, kama nafasi iliyo ndani ya mtungi na ile iliyo nje mtungi unapovunjika. Kwa mwalimu mwingine, Ramanuja, nafsi hubaki nafsi, ikiishi kwa upendo na Vishnu, Mungu anayemwabudu. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba "Wahindu wanaamini mtu humezwa na ulimwengu", ujue umesoma shule moja tu.

Mkristo ana maisha haya mamoja. Waebrania 9:27 inasema watu "wanawekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu". Anayeokoka haokolewi na ghala la matendo yake bali kwa neema, ndiyo maana mnyang'anyi msalabani aliahidiwa: "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi" (Luka 23:43). Na anachokingojea mwishoni ni mwili kufufuliwa. Wakristo wengi wenyewe husahau hili, wakazungumza kana kwamba roho kuruka mbinguni ndiyo mwisho wa habari. Paulo anausemea mwili kama mbegu: hupandwa katika uharibifu, hufufuliwa katika kutokuharibika. Mfano wake na ule wa Gita vinapendeza kuwekwa pamoja. Nguo iliyochakaa hutupwa, mbegu hutunzwa ardhini kwa sababu itaota.

Kuhusu kipindi kati ya kufa na kufufuka, makanisa hayasemi sauti moja, na hili linakuhusu kazini. Wakatoliki hufundisha toharani, mafundisho yaliyotajwa katika mitaguso ya Lyon (1274), Florence (1439) na Trento (1563). Kwa hiyo huwaombea wafu na kutoa misa kwa ajili yao. Waorthodoksi huwaombea wafu pia, ila hawakubali toharani kama Wakatoliki wanavyoieleza. Waprotestanti wengi hawawaombei, kwa kuwa kwao jambo limekwisha amuliwa. Waadventista Wasabato husema mfu amelala, hajui neno lolote (Mhubiri 9:5), hadi siku ya ufufuo. Kwa hiyo ukiwaambia jamaa wa Kiadventista kwamba mama "sasa anatuona kutoka juu", umewaambia kitu wasichokiamini.

Watu hupenda kusema kwamba karma ni Wagalatia 6:7 tu, "apandacho mtu, ndicho atakachovuna". Zinakaribiana kwa maneno, hazikaribiani kwa hesabu. Paulo anazungumza juu ya mtu mmoja, maisha mamoja na Mungu anayehukumu. Karma huvuka maisha, na katika shule kadhaa za Kihindu huzaa matunda yake bila hakimu. Wanafunzi walipomwuliza Yesu kama kipofu alizaliwa hivyo kwa dhambi yake au ya wazazi wake, aliyakataa yote mawili (Yohana 9:1-3). Dai jingine linalosambaa ni kwamba kanisa liliifuta imani ya kurudi duniani kutoka kwenye Biblia katika karne ya 6. Kilicholaaniwa wakati huo ni mafundisho yaliyohusishwa na Origen, mwalimu wa kanisa la kale, kwamba roho zilikuwapo kabla ya miili. Hilo ni jambo tofauti, na Origen mwenyewe, katika ufafanuzi wake wa Injili ya Mathayo, aliipinga imani ya roho kuhama miili.

Dakika za mwisho

Hapa dini hizi zinakaribiana kuliko mahali pengine popote. Gita 8:6 inasema kile mtu anachokikumbuka anapouacha mwili ndicho anachokiendea. Ndiyo maana familia ya Kihindu huimba jina la Mungu sikioni mwa mgonjwa: Rama, Krishna, Narayana, au Shiva, kutegemea wanamwabudu nani. Bhagavata Purana ina habari za Ajamila, mtu mwovu aliyemwita mwanawe saa ya kufa. Kwa kuwa mwana huyo aliitwa Narayana, jina la Vishnu, wajumbe wa Vishnu walimwokoa mikononi mwa wajumbe wa Yama. Mweke Ajamila kando ya yule mnyang'anyi msalabani: wote wawili wanapata rehema kwa kumwita mtu mwishoni, mmoja bila hata kukusudia.

Kutokana na hili yupo Mhindu atakayekataa morfini asije akafa akili ikiwa imezibwa. Usibishane naye. Mweleze kwamba dozi inaweza kupandishwa taratibu, panga dozi na saa za sala, na mkubaliane mapema afanyiwe nini maumivu yakizidi. Wakristo nao wana neno hapa. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliwaambia madaktari kwamba inaruhusiwa kutuliza maumivu hata kama dawa itafupisha maisha, mradi kuua si lengo. Akaongeza kwamba mtu anayekufa asinyimwe fahamu bila sababu nzito, kwa kuwa anahitaji kujiandaa.

Kwa mgonjwa wa Kihindu, familia italeta maji ya mto Ganga na jani la tulasi, jamii ya mrehani, wamtie mdomoni. Hatari hapa iko kwenye kumeza. Mgonjwa aliyepoteza fahamu akimiminiwa kijiko kizima atapaliwa, na maji yataingia mapafuni. Waambie tone moja au mawili yanatosha, au walowanishe sifongo laini wapake midomo na ndani ya mashavu. Jani liwekwe juu ya midomo tu, likiwa dogo. Watataka pia kuwasha taa ya samli na ubani. Pale penye oksijeni hapana moto kabisa, hata kama mtungi umefungwa dakika iliyopita, kwa sababu shuka na nguo hubaki na oksijeni. Taa ndogo ya betri hukubaliwa na wengi ukieleza sababu, na taa halisi inaweza kuwashwa nyumbani wakati huohuo.

Uzi begani au kiunoni, uzi mwekundu kifundoni mwa mkono, mkufu wa ndoa shingoni: usikate wala kuvua kimoja bila kuuliza. Uzi wa begani ni alama ya kuingizwa katika masomo matakatifu na huvaliwa hadi kifo. Ukilazimika kuukata kwa dharura, uhifadhi na uukabidhi mkononi mwa jamaa.

Na sakafu? Shusha kitanda hadi mwisho. Wakitaka chini kabisa, weka godoro jembamba sakafuni, hakikisha mpira wa mkojo na mirija ya dawa inafika bila kuvutika, mfuko wa mkojo ubaki chini ya usawa wa kibofu, na uwe na wauguzi wa kutosha wa kumnyanyua bila kumburuta. Mfanyie mapema kidogo, pumzi zinapoanza kuachana. Ukingoja dakika ya mwisho mtamsumbua. Ikishindikana kabisa, familia nyingine huridhika na kuweka udongo kidogo au majani ya darbha, nyasi zao takatifu, chini ya kitanda. Waulize wao, usiwabunie.

Kwa Mkatoliki kosa kubwa ni kuchelewa. Kuna watu hadi leo wanaogopa kumwita padri kwa kuwa "akija mgonjwa atajua anakufa". Mpako wa Wagonjwa (Yakobo 5:14) ni kwa mgonjwa aliye hai katika hatari, si kwa maiti, na waweza kurudiwa hali ikibadilika. Mpangilio wake mtu akiwa kufani ni Kitubio, kisha Mpako, kisha Komunyo kama pamba ya safari, yaani chakula cha njiani. Kitubio kinahitaji mtu anayeweza kuungama, Komunyo anayeweza kumeza, kwa hiyo mwite padri angali anaongea. Shemasi au katekista hawezi kutoa Mpako. Ni padri au askofu tu. Mprotestanti kwa kawaida atataka mchungaji, Zaburi, wimbo na sala; wengine watataka Meza ya Bwana. Usimwekee rozari mkononi kwa kudhani kila Mkristo anaisali.

Mwili, na siku zinazofuata

Mhindu akifa, vaa glavu, mfumbe macho, mnyooshe miguu na mikono, mfunike kwa shuka nyeupe isiyo na alama ya dini nyingine. Usioshe mwili kabla ya kuuliza. Kuosha ni kazi ya jamaa wa jinsia yake. Halafu kimbiza karatasi. Uchomaji wa mwili hufanyika haraka, inapowezekana ndani ya saa 24, kwa sababu nafsi haipaswi kuning'inia karibu na nguo iliyokwisha kuvuliwa. Cheti cha kifo kinachongoja saini hadi Jumatatu ni uchungu mkubwa kwao. Uchunguzi wa maiti unaotakiwa kisheria hawataukwepa, lakini waeleze mara moja kwa nini unafanyika na utachukua saa ngapi.

Ibada yenyewe huitwa antyeshti, sadaka ya mwisho. Mtu mwenyewe ndiye sadaka, na moto, Agni, ndiye mchukuzi. Mwana mkubwa ndiye awashaye, ingawa siku hizi mabinti nao huwasha katika familia nyingi. Watoto wadogo sana na watawa huzikwa, na Walingayati, kundi la waabuduo Shiva, huzika wafu wao wote. Majivu hukusanywa, mara nyingi siku ya 3, yakatiwa mtoni au baharini. Kisha kwa siku 10 hutolewa pinda, matonge ya wali yenye ufuta, yanayoaminiwa kumjengea aliyekufa mwili mwembamba wa safari, kuanzia kichwa. Siku ya 12 huunganishwa na mababu, na siku ya 13 jamaa huanua matanga. Katika siku hizo nyumba huwa katika hali ya unajisi wa msiba. Wasipokukaribisha chakula, hawajakuchukia.

Wakristo walirithi kuzika. Kanisa Katoliki liliruhusu uchomaji mwaka 1963, na mwaka 2016 likasisitiza majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasitawanywe wala kuwekwa nyumbani. Waorthodoksi kwa jumla hawakubali uchomaji; wao huwaombea wafu siku ya 3, ya 9 na ya 40.

Jambo la mwisho ni machozi. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro akijua kwamba atamfufua, na Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika, aliwakataza kuhuzunika kama wasio na matumaini. Upande wa Kihindu, kitabu cha sheria cha Yajnavalkya kinasema aliyekufa hulazimika kuyala machozi ya jamaa zake, kwa hiyo wasilie. Watu hulia hata hivyo, ni binadamu. Lakini ukimwona shangazi anamnyamazisha binti kwa ukali, usidhani ni moyo mgumu. Anamwondolea marehemu mzigo. Nawe usimwambie Mhindu "ni karma yake", hata kama wao wenyewe wamelisema. Mdomoni mwa mgeni neno hilo hugeuka kuwa shutuma, kama vile "ni mapenzi ya Mungu" linavyomchoma mama Mkristo aliyefiwa na mtoto mchanga.

Familia ile bado inafikika. Kama siku 13 hazijaisha, nenda umevaa nguo nyeupe au za rangi tulivu, vua viatu mlangoni, kaa nao kimya kidogo, usipeleke chakula kilichopikwa. Mtafute mwana mkubwa umwambie kwamba ulikataa kwa kutojua maana yake, na kwamba sasa godoro la sakafuni litakuwapo wodini. Kama siku zimepita, mwandikie maneno hayohayo. Kila mwaka katika tarehe ya kifo watamfanyia baba yao shraddha, ibada ya kumkumbuka mfu, na katika majuma mawili ya Pitru Paksha watamkumbuka pamoja na mababu wote, kwa hiyo neno lako halitakuwa limechelewa.